Panda au Pweza? Mwongozo wa Kumpata Mshindi Bila Kutenda Haki

Mijadala ya barazani imechoka. Simba na chui wamelinganishwa mpaka wenyewe wamechoka, na habari za nani mwenye mbio kati ya duma na swala hazimwamshi tena hata mzee anayesinzia kwenye kona. Kinachohitajika ni pambano jipya, na mwongozo huu unakuletea moja ambalo hakuna aliyeliomba. Kona ya kwanza yupo panda mkubwa, mwenyeji wa milima ya Sichuan, Shaanxi na Gansu nchini China. Kona ya pili yupo pweza wa matumbawe, ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea na wewe humwita kitoweo. Ndiye huyuhuyu wa Tanga, Pemba, Mafia, Kilwa na Lamu, na makazi yake yanaendelea kupita Bahari ya Hindi na Pasifiki hadi Hawaii.

Fuata hatua hizi kwa utaratibu. Ukimaliza utakuwa umemtangaza mshindi uliyekuwa umemchagua kabla ya kuanza, utakuwa umeonekana msomi mbele ya watu, na hamu yako ya kula itabaki palepale.

Vifaa vinavyohitajika

Picha moja ya panda aliyekaa kitako akitafuna. Pweza mmoja, akiwa hai ni vizuri zaidi, ila kwa kawaida utampata kwenye sinia, ameshakatwa. Watu wasiopungua wawili wa kukusikiliza, na mmoja wao awe mpole. Simu yenye chaji ya kuonyesha video za panda akibingirika. Video za pweza usiziweke, kwa sababu ambazo utazielewa mbele ya safari.

Hatua ya 1: Usijali habari za ukoo

Mara tu utakapofungua mdomo, kutatokea mjuaji wa kukuambia kwamba viumbe hawa hawalinganishiki. Atasema mmoja ana uti wa mgongo na mwenzake hana hata mfupa. Kwamba mmoja ni jamii ya dubu na mwingine yuko karibu zaidi na konokono na chaza. Kwamba ili umpate babu yao wa pamoja itakubidi urudi nyuma zaidi ya miaka milioni 500. Yote hayo ni kweli, na hayana umuhimu wowote. Mjibu kwamba mawifi nao hawana undugu wa damu, na bado wanalinganishwa kila Idi. Akinyamaza, endelea.

Hatua ya 2: Anza na sura, na ikiwezekana umalizie hapohapo

Hii ndiyo hatua kuu. Ukiisimamia vizuri, zilizobaki ni mapambo.

Mweke panda mbele. Kichwa cha mviringo, mashavu yaliyojaa, mabaka meusi yanayoyafanya macho yaonekane makubwa na yenye huzuni ya mtoto aliyenyimwa andazi. Mashavu hayo ni misuli ya kusagia mianzi, wala si upole, lakini hilo usilitaje. Mtu akimwona panda hataki kuuliza anakula nini wala ana faida gani. Anataka kumkumbatia.

Usitaje pia kwamba sura hiyo haikumsaidia tangu mwanzo. Padri Mfaransa, Armand David, alipoitangazia Ulaya habari za mnyama huyu mwaka 1869, alianza na ngozi. Mwaka 1929 wana wawili wa Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, Theodore mdogo na Kermit, walisafiri mpaka China na kumpiga panda risasi, naye akaishia kwenye jumba la makumbusho la Chicago. Mapenzi yalikuja mwaka 1936, pale Ruth Harkness alipomfikisha Marekani mtoto wa panda aliye hai, Su-Lin, na watu wakajaa kumtazama. Mwaka 1961 shirika la uhifadhi la WWF lilipotafuta nembo, lilimtazama panda Chi-Chi wa bustani ya wanyama ya London, na kazi ikaisha. Alikuwa anapendeza, yuko hatarini, tena ni mweusi na mweupe, hivyo hamalizi wino wa rangi. Uhifadhi wa dunia nzima ukapata uso, na uso ule ulikuwa wa bei nafuu kuuchapisha.

Sasa mlete pweza. Hapa huna haja ya kusema neno. Kile unachokiita kichwa chake ni mfuko wenye tumbo, matamvua na mioyo mitatu. Mikono minane inaanzia karibu na macho, na mdomo umejificha katikati ya mikono hiyo. Damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa kutumia shaba, siyo chuma kama yako. Tena hana sura moja ya kuwekwa kwenye nembo. Watafiti waliomfuatilia pweza wa aina hii akiwinda kwenye matumbawe ya Pasifiki walimwona akibadilisha mwonekano karibu mara 1,000 katika saa 7. Mara ni jiwe, mara ni mwani, mara ni mchanga wenye madoa, na kwa kadiri wataalamu wanavyojua, rangi zenyewe hazioni.

Shirika gani litachapisha fulana yenye mnyama anayefanana na jiwe? Mpe panda pointi zote za hatua hii, halafu mwongezee za bonasi.

Hatua ya 3: Pima akili kwa kigezo cha utulivu

Hapa kuna hatari. Ukiacha mjadala uende wenyewe, pweza atashinda, na mwongozo huu utakuwa umekosa kazi. Kwa hiyo weka kigezo mapema: mwenye akili ni yule anayekaa kimya.

Panda hukaa kimya kwa ustadi. Akiwa hali basi amelala, na akiwa halali basi anakula. Pweza kwa upande wake ana chembe za neva zipatazo milioni 500, kwa hesabu iliyofanywa kwa binamu yake wa bahari za Ulaya, na thuluthi mbili ya hizo zimo mikononi. Maana yake mkono unaweza kupapasa, kuonja na kuamua jambo kabla ya makao makuu hayajapata taarifa. Wapo wanaosifu mfumo huo. Sisi tuliowahi kufanya kazi kwenye ofisi yenye idara nane zinazoamua kila moja kivyake hatuusifu.

Halafu kuna suala la tabia. Pweza huyu huwinda mchana, na mara nyingi huwinda kwa kushirikiana na samaki kama chewa na mkundaji. Samaki wanatafuta, yeye anaingiza mikono kwenye mianya wasikofika, na anayetoroka upande huu anadakwa upande ule. Ni ushirika mzuri kabisa, mpaka pale watafiti walipotangaza mwishoni mwa mwaka 2020 walichokinasa kwa kamera katika Bahari ya Shamu: pweza anarusha mkono na kumpiga samaki ngumi. Mara nyingine ngumi ilimwondoa samaki aliyekuwa anamzibia windo. Mara nyingine hakukuwa na windo lolote, wala watafiti hawakuona alichofaidika. Msomaji aliyewahi kuendesha biashara ya ubia hahitaji maelezo zaidi.

Mtu akisisitiza kwamba ngumi ile ni dalili ya akili, mkumbushe kuwa wahenga walikwisha kutoa hukumu. Anayejiletea balaa mwenyewe huambiwa amekuwa pweza, anajipalia makaa. Omba tu asikumbuke kwamba katika methali hiyo pweza ameshakufa, na makaa yamewashwa na mtu mwingine.

Hatua ya 4: Kagua sahani, ila usikague choo

Panda anakula mianzi. Sifa hii itaje kwa sauti ya heshima: mnyama mkubwa namna ile, na hamwagi damu ya mtu! Kilo 12 hadi 38 kwa siku, akitafuna kwa saa 10 hadi 16.

Usieleze kwa nini anahitaji kutafuna kutwa nzima. Tumbo lake bado ni la mla nyama, fupi na la moja kwa moja, kwa sababu ukoo wake ni wa dubu. Katika mianzi yote hiyo anafaulu kuyeyusha takribani asilimia 17, na iliyobaki inatoka kama ilivyoingia, mara nyingi mno kwa siku. Mhandisi akileta mashine ya namna hiyo kiwandani atafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini panda ana mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka ukawa kama dole gumba la ziada, na anavyoushika mwanzi kwa dole hilo utafikiri anapiga zumari. Watu wakimwona hivyo, husahau mahesabu.

Pweza anakula kaa, kamba na chaza. Gamba likikataa kufunguka kwa nguvu, hulitoboa na kuingiza sumu ya mate. Chakula chake hugeuka kuwa mwili kwa kasi ya kutisha. Anaanguliwa akiwa mdogo kiasi cha kupotea kwenye kijiko, na kabla ya miezi 15 haijaisha anaweza kuwa wa kilo kadhaa. Mfugaji yeyote wa kuku angelia kwa wivu. Ndiyo sababu hatua hii tunaihukumu kwa adabu za mezani. Panda hula amekaa kitako, na pweza hula amejifunika. Pointi kwa panda.

Hatua ya 5: Masuala ya unyumba yaguse kwa tahadhari

Kama kuna watoto karibu, watume dukani.

Panda jike hushika mimba ndani ya siku moja hadi tatu kwa mwaka mzima, wakati wa machipuko. Siku hizo zikipita, tuonane mwakani. Porini hawana shida kubwa, maana madume wanazijua siku na wanazigombania. Wakiwa kwenye bustani za wanyama, mambo hulala. Huko Chiang Mai, Thailand, mwaka 2007 walifikia hatua ya kumwonyesha panda dume, Chuang Chuang, video za panda wenzake wakifanya yanayotakiwa, baada ya kumpunguzia uzito kwanza. Mtoto alipatikana mwaka 2009, na sifa ziende kwa wataalamu wa kupandikiza mbegu.

Pweza dume hana tatizo la hamu. Tatizo lake ni mwenza. Hukaa mbali kadiri mkono wake wa tatu wa kulia unavyoweza kufika, kwa sababu mkono huo ndio unaopeleka mbegu, na mwili uliobaki unahitaji nafasi ya kukimbia. Katika matumbawe ya Pasifiki watafiti walimfuatilia dume mdogo wa aina hii aliyempanda jike mkubwa mara 13 ndani ya saa 3 na nusu. Baada ya hapo jike akamkaba, akambeba mpaka pangoni kwake, akamla kwa siku mbili. Na hata dume anayenusurika hana muda mrefu. Akishapandisha, mwili huanza kuchoka na kufa.

Sasa tazama tulivyogawana majukumu. Mnyama huyu, ambaye harusi ndiyo mazishi yake, ndiye tunayemnywa supu jioni ili mambo ya nyumbani yaende sawa. Hakuna mnunuzi aliyewahi kumwuliza muuza supu mwenyewe pweza ilimwishia vipi.

Hatua ya 6: Kwenye malezi, onyesha picha haraka usonge mbele

Mtoto wa panda huzaliwa na gramu kama 100, karibu sehemu moja ya 900 ya uzito wa mama yake. Hana manyoya ya maana, haoni, na ana rangi ya waridi. Akizaliwa pacha porini, mama kwa kawaida humchukua mmoja na kumwacha mwingine, kwa sababu nguvu inayotokana na mianzi haitoshi wawili. Kwenye vituo vya Chengdu wahudumu wamejifunza kumbadilishia watoto kwa zamu, huyu ananyonya, yule yuko kwenye kitotozi, na mama anaendelea kuamini ana mmoja.

Pweza jike hutaga mayai kwa malaki. Huyaning'iniza pangoni, huyapulizia maji safi, huyasafisha kwa ncha za mikono, na kwa wiki kadhaa hatoki wala hali. Mayai yakianguliwa, anakufa. Hajawahi kumwona mwanawe akiogelea hata siku moja.

Haya, mama mmoja amemtelekeza pacha, na mwingine amefunga mpaka kufa kwa ajili ya wanawe wote. Ukipima kwa haki, mshindi anajulikana. Kwa hiyo usipime. Toa simu, fungua video ya mtoto wa panda akipiga chafya, na wasikilizaji wakishacheka nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Weka bei mezani

Thamani ya kiumbe hujulikana kwa ankara yake. Mwaka 1972, Rais Richard Nixon alipozuru Beijing, Marekani ikapewa panda wawili, Ling-Ling na Hsing-Hsing, wakaenda kama mabalozi. Baadaye zawadi zikageuka mikopo. Bustani ya kigeni hulipa hadi dola milioni 1 kwa mwaka kwa jozi moja, mkataba huwa wa miaka 10 hivi, na mtoto akizaliwa ugenini bado ni mali ya China. Bustani ya Ähtäri nchini Finland iliwapokea panda wawili mwaka 2018 kwa mkataba wa miaka 15. Ilipofika Novemba 2024 ikawarudisha, kwa sababu gharama zilikuwa zimeishinda. Panda hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa amekula tu.

Pweza hana mkataba. Anauzwa kwa kilo. Kutoka Tanzania hugandishwa na kusafirishwa hadi Italia, Hispania na Ureno, halafu wateja wa huko wanamla kwa mafuta ya zeituni bila kujua Songosongo ya Kilwa iko wapi. Ubalozi wake unaishia mgeni anapofuta mdomo.

Hatua ya 8: Jifunze namna ya kumtendea aliyeshindwa

Nenda pwani siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba ukabaki wazi. Utawaona kina mama wamefunga kanga viunoni, viatu vya plastiki miguuni, fimbo ya chuma mkononi, macho chini. Hawatafuti pweza, maana pweza haonekani. Wanatafuta uchafu wake. Mbele ya tundu kuna maganda ya kaa yaliyotupwa karibuni, bado hayajapauka, na vijiwe vimepangwa mlangoni kwa namna ambayo mawimbi hayapangi. Fimbo inaingia taratibu. Inachokoa. Mkono mmoja unatoka na kuikamata, kisha wa pili, kisha mwenyewe anavutwa mzimamzima huku amegeuka mwekundu kwa hasira. Mama anampindua kichwa nje ndani kwa mkupuo mmoja, anamtia kapuni, anainama tena.

Nyumbani anapigwa kwenye jiwe mpaka atoe povu, ili nyama ilainike. Jioni yuko mjini, kwenye meza ya muuza supu, chini ya taa, kando ya ndimu na bakuli la pilipili. Anakatwa vipande vidogo, anachomwa vijiti, na kikombe cha supu kinafuata kikiwa cha moto. Mtu mzima aliyevaa tai anakunywa kwa kupiga fundo dogodogo, anatazama huku na huku, anaongeza kikombe.

Mwongozo unakuruhusu kufurahia. Mwandishi mwenyewe anamla, tena wa nazi. Zingatia jambo moja tu: yule mama mwenye kapu analipa ada ya shule kwa pweza. Hakuna mtoto wa Kisiwa Panza, Pemba, anayelipiwa ada na panda.

Hatua ya 9: Epuka hesabu za uhifadhi, zinaharibu mchezo

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo soma polepole.

Sensa ya miaka ya 1980 ilihesabu panda wa porini wapatao 1,114. Sensa iliyotangazwa mwaka 2015 ikawapata 1,864, na mwaka 2016 wakaondolewa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka na kuwekwa kwenye la walio katika mashaka. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ukiuliza imefanyikaje, hutajibiwa kwamba ni video za Chiang Mai. Ukataji miti ya asili ulipigwa marufuku kuanzia mwaka 1998, hifadhi zikaongezwa, na mwaka 2021 ikatangazwa hifadhi ya taifa ya panda yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kwa maneno mengine, msitu ulifungwa, watu wakatoka, mianzi ikaota.

Hata ndani ya bustani siri ni hiyohiyo. Panda Ying Ying na Le Le waliishi pamoja Ocean Park, Hong Kong, tangu mwaka 2007, na wahudumu walihangaika nao kwa miaka kumi hivi bila mafanikio. Mwaka 2020 korona ikafunga milango. Tarehe 6 Aprili, bila mtazamaji hata mmoja, bila mtoto wa kugonga kioo, wakapandana kwa mara ya kwanza. Mimba haikushika safari ile. Ying Ying alijifungua pacha mwaka 2024, lakini ujumbe kwa wanadamu ulikuwa umeshafika: tupisheni.

Sasa pweza. Mwishoni mwa mwaka 2004 wanakijiji wa eneo la Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache. Pweza huyu huongezeka uzito haraka kuliko deni la mkopo wa simu, kwa hiyo waliporudi walikuta mzigo. Vijiji jirani vikaiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichambua ufungaji wa namna hiyo mara 36 na kukuta kuwa katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliovuliwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na mvuvi mmoja mmoja kwa siku alipata karibu asilimia 90 zaidi. Hakuna aliyelipa dola milioni. Utaratibu huo umefika pia kwetu, Kisiwa Panza huko Pemba na Songosongo huko Kilwa.

Na ili aibu ikamilike, WWF, lenye panda kwenye barua zake zote, limefanya kazi na wavuvi wa pweza wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Mpinzani uliyemshangilia tangu hatua ya pili amekuwa akimchangia mwenzake.

Makosa ya kawaida

Kuanza na hatua ya 9. Ukianza nayo, baraza litahama kutoka kwenye sura na kwenda kwenye faida, na hutalirudisha.

Kusema kwamba pweza "yupo tu". Kwa sasa hayumo hatarini kutoweka, na hilo ndilo linalotudanganya. Anaishi mwaka mmoja na ushee. Jike akichokolewa kabla hajataga, hana mwaka wa pili wa kufidia. Panda anaweza kusubiri mkutano wa kamati. Anafika miaka 20 porini. Pweza akisubiri kamati, ameshakufa kwa uzee.

Kununua kapweza ka kuchezea mdomoni. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kumvua wa chini ya gramu 500. Ukimkuta wa gramu 200 sokoni, muuzaji atakuambia amesinyaa kwa jua. Mwambie na wewe pesa zako zimesinyaa.

Kusubiri pweza apendeze ndipo umlinde. Hatapendeza.

Kutoa hukumu

Kama umefuata maelekezo, panda ameshinda kwa sura, utulivu, adabu za mezani, video na ankara. Mpongeze. Anastahili msitu wake, na dunia isiyo na panda ingekuwa dunia mbaya zaidi hata kwa sisi ambao hatutamwona kamwe.

Lakini kwa akili, malezi, ada za shule na malipo ya haraka kwa anayemhurumia, pweza anamzidi kwa mbali, na haombi upendo. Wala haombi uache kumla. Anataka kile panda alichopewa Hong Kong kwa bahati na Sichuan kwa sheria: mlango ufungwe kidogo. Kwa hiyo kamati ya uvuvi ya kijiji chako ikitangaza kwamba mwamba umefungwa kwa miezi mitatu, usiende usiku na tochi. Na wewe wa mjini, ukiambiwa supu imepanda bei kwa sababu mwamba umefungwa, lipa au kunywa chai, na umwache mama wa kapu avune cha maana siku ya kufungua.